Jani Moja la Isale

Watakuambia mpeleke nyumbani. Hawatasema zaidi ya hapo, nawe utaitikia, "Ndiyo, daktari," kama mtu aliyeelewa. Utatoka hadi kwenye lile benchi la nje ulilokalia toka asubuhi, utamfunga mgonjwa wako kanga vizuri mabegani, na hapo ndipo utakapogundua kwamba hujui nyumbani ni kwa nani. Nani atamwogesha? Nani atamgeuza? Daktari hakusema, na wala siyo kazi yake kusema.

Naandika kwa ajili yako wewe uliyekaa kwenye benchi hilo. Naandika pia kwa sababu nina hasira, na sitakuficha, hasira yenyewe ni ya siku nyingi na nimeitunza vizuri. Nimewauguza wawili na nimewazika wawili, na walionijia kunipa pole wameniomba niandike mambo ya kujenga. Nitayaandika. Lakini na waliobomoa nitawataja.

Mama yangu aliugua koo. Ilianza mwaka ule wa unga wa njano, ambapo hata sisi wa Old Moshi wenye ndizi tulijikuta tunapanga foleni ya unga. Kwanza nyama ilimkwama, akacheka akasema meno yamezeeka. Baadaye ikamkwama ndizi, na mwishowe hata mate. Tulikuwa tunashuka hospitali ya mjini, anaingizwa mpira wa kupanua koo, tunarudi, anakula siku kumi, koo linafunga tena. Alipoingizwa mpira mara ya kwanza kahawa ilikuwa inachanua. Mara ya tano matunda yalikuwa mekundu, na kitenge alichokuwa akijifunga mara moja kilikuwa kinamzunguka mara mbili. Pete ya ndoa aliifunga uzi ili isidondoke. Mara hiyo ya tano ndipo tulipoambiwa maneno yale ya kwenda nyumbani, na mama akanishukuru kwa kumsindikiza kana kwamba tulitoka sokoni.

Ukoo ukakaa kikao. Baba mdogo, aliyekuwa mkubwa wa ukoo baada ya baba kufariki, aliketi na kata yake ya mbege. Mdogo wangu Aminieli aliketi kulia kwake. Mimi nilikaa karibu na mlango. Nilikuwa mtoto wa kike aliyeachika, nimepanga chumba Njoro, kule mjini, nachambua kahawa kiwandani, na mtu wa namna hiyo kwenye kikao cha ukoo hukaa karibu na mlango.

Nilikuwa na pendekezo. Chumba cha pili toka changu aliishi Mama Yoeli, Mnyaturu wa Singida, mume wake alikuwa fundi wa mitambo aliyewahi kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa kule chini. Yeye mwenyewe alikuwa mhudumu wa wodi miaka mingi. Nilishamwona akimwangalia jirani yetu mzee aliyepooza. Akiingia, kabla hajauliza hali, ananusa shuka. Nilisema mama aje Njoro, nimlaze kwangu, mimi nikiwa kazini Mama Yoeli awe naye.

Baba mdogo aliuliza tangu lini mama wa ukoo huu akaogeshwa na mtu wa kuja. Wengine wakaguna kumuunga mkono. Kisha Aminieli akasema maneno ambayo ningeweza kuyarudia hata usingizini:

"Mama ataangaliwa na mke wangu. Kihamba ni changu, na mama ni wangu."

Hapo nikueleze kidogo, kama hutoki huku. Kihamba ni lile shamba la nyumbani, migomba na kahawa, wanamozikwa wazee. Kwetu mtoto wa kiume wa mwisho hurithi nyumba ya wazazi, kwa hiyo Aminieli hakuwa na wa kumnyang'anya. Lakini neno analosema mtu anayekata roho kuhusu ardhi halipingwi na yeyote, na mdogo wangu aliogopa mama asije akasema, nikiwa mimi kando yake, "Mpeni na huyu pa kujenga." Mimi sikuwahi kuomba hata mgomba mmoja.

Wala hakuna aliyemuuliza mama. Alikuwa chumba cha pili, koo limeziba lakini masikio mazima, na alisikia yote. Miezi miwili baadaye aliniambia kwamba angeulizwa, angesema Njoro. Kwa hiyo la kwanza ninalokuambia ni hilo, muulize mgonjwa. La pili, mtazame kila anayejitolea kumuuguza, ujiulize mgonjwa akifa huyu atapata nini. Kama kuna kitu, mshukuru sana kisha mtafute mwingine. Mama Yoeli hakuwa na chake hata kimoja katika kihamba chetu, na sisi tukaona hiyo ndiyo dosari yake.

Aminieli aliniambia nisipande mlima katikati ya wiki, eti namchanganya mgonjwa. Nikawa napanda Jumapili baada ya ibada. Kila Jumapili nilimkuta mama sebuleni, ameketi kwenye kiti cha mbao, ameogeshwa, kanga safi, nywele zimesukwa. Niliwashukuru. Nilimshika wifi yangu mikono miwili nikamshukuru, na alitazama chini nikadhani ni haya. Mama hakusema kitu. Alikuwa anapungua, lakini nilijua atapungua, basi nikashuka mjini kila Jumapili moyo umetulia.

Siku moja ya Jumatano mashine za kiwandani ziliharibika tukaruhusiwa mapema. Nikapanda mlima.

Sebule ilikuwa tupu. Sikumkuta chumbani kwake pia, kitanda chake kilikuwa kimewekwa godoro la watoto. Nilimkuta kwenye stoo ya kahawa, ndani ya ile harufu ya maganda yaliyochacha, amelala kwenye magunia yaliyotandikwa chini. Kikombe cha uji wa unga wa njano kilikuwa kimekauka mahali ambapo mkono wake haufiki. Ng'ombe wake mwenyewe alikuwa anakamuliwa kila siku, na maziwa yalikuwa yanakwenda kwa watoto na wageni, kwa sababu, kama nilivyoambiwa baadaye, kwake yangepotea bure.

Aliponitambua aliniomba radhi.

"Nisamehe mwanangu," alisema. "Nanuka."

Nilijikaza nikafunua blanketi. Shuka lilikuwa limeshikana na mgongo kwa chini, juu ya makalio, na nilipolilowesha maji likaachia, niliona kidonda ambacho ngumi yangu ingeingia. Kumbe wale watu walikuwa wakimwandaa kwa ajili yangu kila Jumapili asubuhi, wanamkalisha juu ya kidonda hicho, naye ananyamaza ili watoto wake tusigombane. Nikakumbuka ile mikono niliyoishika nikiishukuru.

Wifi alikuwa shambani anachuma kahawa na vibarua. Hakukana. Alisema, "Wifi, mimi nina mikono miwili tu," na nikitaka kusema kweli, alikuwa na watoto wanne, ng'ombe, foleni ya unga na kahawa iliyokuwa inaanguka chini. Hakuwa mchawi. Alipewa mzigo bila kuulizwa, kama mama alivyopelekwa bila kuulizwa. Hata hivyo nilimchukia miaka mingi na bado sijamaliza. Lakini Aminieli alikuwa anajua stoo ina nani, kwa sababu magunia yaliyojaa alikuwa akiyaingiza yeye. Nilimwambia mbele ya vibarua wake kwamba nitakula naye sahani moja. Alijibu kwamba nikimtoa mama pale, hatarudi ila akiwa maiti.

Vibarua wawili niliowaomba walikuwa wameshamwinua mama na kile kiti cha mbao. Sauti yake ilikuwa imebaki ya kunong'ona, lakini wote tulimsikia.

"Basi nitarudi maiti," alisema.

Njoro tulikaa naye wiki saba. Nakuandikia alichofanya Mama Yoeli ili ukimpata mtu wa namna hii umtambue. Aliingia, akanusa, akatoa kila kitu nje. Alichemsha maji ya chumvi akakisafisha kidonda polepole, huku akimwambia mama kila anachotaka kufanya kabla hajakifanya. Akaweka papai bichi lililokwanguliwa, na baada ya siku kadhaa asali. Alimgeuza kila baada ya saa mbili, na alinifundisha kuweka mto katikati ya magoti ili mifupa isigongane. Mtori wa ndizi aliupika ukaiva kabisa, kisha akauchuja kwa kitambaa mara tatu hadi ukawa mwepesi wa kupita. Usipopita, alichovya pamba kwenye chai ya maziwa akampaka midomoni. Hakuwahi kumwambia utapona. Wala hakuwahi kuzungumza na mimi juu ya kichwa cha mama kana kwamba mama hayupo.

Siku moja mama alimsahihisha namna ya kusalimia kwa Kichagga, na alivyokosea tena mama akacheka mpaka akakohoa. Nimekuwa na siku chache nzuri kuliko hiyo. Mwili ulikuwa umekwisha, mikono imebaki ngozi, macho yamekuwa makubwa. Lakini kidonda kilianza kufunga pembeni, na harufu haikuwepo tena. Nilikuwa nikitoka kazini naona wivu kidogo, maana niliwakuta wamekaa kama marafiki wa siku nyingi.

Kule juu mlimani watu wakaanza kusema. Mama wa ukoo ametoka kwake na kinyongo, anauguzwa mjini na mtu baki, akifa hivyo itakuwaje? Ng'ombe wa Aminieli akafa. Mvua za vuli zikachelewa. Mchana mmoja nikasikia hodi, nikamkuta mdogo wangu nje ya mlango, kofia kwapani, ameshika jani la isale kwa mikono miwili.

Mama Yoeli aliniuliza baadaye lile jani ni la nini, nami nikueleze kama nilivyomweleza. Isale ni ule mmea wa majani marefu tunaopanda mipakani na makaburini. Ukimkosea mtu, ukamletea jani lake, umekiri kosa na umeomba msamaha, naye hawezi kulikataa. Hata kama umemwulia mtoto, akishalishika, yamekwisha. Sisi tunakosana sana kwa mashamba, na bila jani hilo tungekuwa tumemalizana zamani.

Nilimwambia mama amelala. Hakutaka kuingia.

"Mpe mama," alisema. "Na wewe dada, tafadhali, usimwongezee maneno."

Akaniwekea jani mkononi, akaenda.

Nilitazama jani, nikatazama barabara aliyokuwa akiitembea bila kugeuka. Alikuwa ameleta moja. Mimi niliyemwosha mama usaha, niliyedanganywa Jumapili moja baada ya nyingine, niliyefukuzwa katikati ya wiki kama mwizi wa ndizi, sikuwa na langu. Mtu wa mahali pengine labda asingeliona hilo. Kwetu ni kosa kubwa, na Aminieli alilifanya bila hata kujua amelifanya, maana haikumpitia akilini kwamba na dada ni mtu wa kuombwa radhi. Basi nikasema moyoni, la mama ni la mama. Langu bado.

Mama alipoamka nilimpa. Sikumdhulumu. Alilinusa, akalipitisha shavuni, akalishika kifuani.

"Mwambie Aminieli nimelipokea," alisema. "Mwambie sina neno naye."

Nikamwambia nitamwambia.

Alifariki siku ya tatu yake, asubuhi, mvua ya kwanza ikipiga bati. Mama Yoeli alikuwa amemshika miguu na mimi kichwa. Alikuwa msafi, amegeuzwa muda si mrefu, midomo yake haikuwa imekauka. Tulimpandisha akazikwa kwenye kihamba kando ya baba, kama alivyotaka. Baada ya mazishi Aminieli alinivuta pembeni, penye migomba.

"Ulimpa?"

"Nilimpa."

"Akasema nini?"

"Uliniletea jani moja tu, Aminieli," nilimwambia, na nikaenda kuosha vyombo.

Hakuelewa. Alielewa kwamba mama alikufa bado ana neno naye. Akamtuma baba mdogo aje kunichunguza, nikamwamkia shikamoo, nikampikia, sikusema. Aminieli akachinja mbuzi kaburini kwa mama. Kahawa ikashikwa na ugonjwa, akachinja mwingine. Mtoto akianguka mtihani, ni mama. Ng'ombe akitupa mimba, ni mama. Watu waliniletea habari hizo mjini, wakidhani watanihuzunisha, na mimi nililala usingizi mzuri. Mama Yoeli alijua. Mume wake alipostaafu wakarudi kwao Singida, na siku ya kuagana stendi alinishika bega akasema, "Mpe neno lake, mwenzangu. Hilo siyo lako." Nikamjibu nitampa. Ilikuwa mara ya pili kuahidi.

Miaka ilipita. Tulimaliza vita, sabuni ikapotea madukani, tukafulia majivu na majani ya mpapai. Msimu wa kahawa ukiwa umekwisha, Aminieli akaja tena Njoro, na sikuhitaji kuambiwa. Kola ya shati ilikuwa imemlegea shingoni, na alikuwa akimeza mate kwa kuinamisha kichwa, vile vile kama mama. Nilikwenda naye hospitali, nikakaa naye kwenye benchi lile lile. Mara ya nne alipotoka kwa daktari aliniambia ameambiwa aende nyumbani.

Ukoo ukakaa. Safari hii sikukaa karibu na mlango. Nilisema aulizwe mgonjwa kwanza, na baba mdogo, ambaye alikuwa haoni vizuri tena, akamuuliza. Aminieli alimtazama mke wake, akanitazama mimi.

"Dada," alisema.

Usinifikirie mema. Sikupanda kwa huruma. Nilipanda ili aone kazi hii inavyofanywa, kila siku, kwa mwili wake mwenyewe, ajue mama alinyimwa nini. Nilimtoa chumba cha ndani nikamlaza sebuleni dirishani, anapoona kahawa yake. Nilikuwa na vipande vya sabuni nilivyovificha muda mrefu, nikavitumia vyote kwenye mashuka yake. Mtori niliuchuja mara tatu. Wifi nilimfundisha kuweka mto katikati ya magoti, na siku aliponiambia kwa sauti ndogo kwamba kumbe haikuwa kazi ngumu hivyo, nilitoka nje nikakaa migombani mpaka saa ya kumgeuza mgonjwa ilipofika. Nilimnusa mdogo wangu kila asubuhi. Nilimgeuza kila baada ya saa mbili, kwa saa ya ukutani aliyoiacha baba. Hakupata kidonda hata kimoja, na kila mara nilipompangusa mgongo ule mzima alikuwa akilia bila sauti, nami nilijua anachokumbuka.

Na kila siku aliniuliza.

"Dada, mama alisema nini?"

"Meza kwanza," nilimjibu.

Wiki ya tatu, mchana, alimwita mke wake akamnong'oneza. Wifi akatoka. Alirudi na jani la isale, limekatwa pale pale kaburini kwa mama, akampa. Aminieli alilishika kwa mikono miwili. Safari hii halikuwa la mama. Alinielekezea mimi.

"Hili ni lako," alisema. "Lilikuwa lako toka siku ile. Nimechelewa kuelewa."

Nililipokea, maana kwetu halikataliwi. Nililiweka juu ya magoti yangu, nikamshika mkono, nikamwinamia sikioni, nikampa neno lake.

"Mama alilipokea, Aminieli. Alisema hana neno na wewe."

Alinitazama.

"Lini?"

"Siku ile ile uliyolileta."

Nilimwona akihesabu. Mbuzi wote wale, misimu yote ile, usingizi wote aliokosa. Hakunitukana, na hata angetaka asingeweza, jani lilikuwa limeshapita kati yetu. Aliachia mkono wangu, akashika ukingo wa kitanda, akajivuta taratibu mpaka akaelekea ukutani. Kwa wiki tatu hakuwa amewahi kujigeuza bila mimi.

Nikamfunika mgongo. Nikaangalia saa. Baada ya saa mbili nilimgeuza.